Nyuzi Zilizokaa Upande Usio Wao

Walimwingiza Nikanori Mgaya wodini kwetu Jumanne asubuhi, na mimi nikamwona akiingia kutokea dirishani. Mlango wa wodi ile uko kulia kwa kitanda changu, dirisha liko kushoto, na mtu mwenye akili zake hapiti dirishani kwenye ghorofa ya pili. Lakini jicho langu lilimwona hukohuko dirishani, kivuli kirefu kimeshikwa mkono na muuguzi. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikageuza. Ninachokiona kushoto ni cha kulia. Kwa hiyo ameingia mlangoni kama watu wengine, na kitanda alichopewa ni jirani na changu.

Akakaa, akakohoa, akasema, "Hapa pananuka dawa kuliko zahanati ya gerezani."

Sauti ile! Hata ningekuwa kaburini ningeamka niitukane.

"Nani yupo kitanda hicho?" akauliza.

"Refa," nikasema.

Akaguna. Muuguzi naye akaona hali ya hewa imebadilika, akaenda zake.

Mimi ni Benadeta Kihwele. Nimepuliza filimbi kwenye viwanja vya Mafinga, Makambako na Njombe tangu nikiwa binti. Ligi yetu haikuwa na uwezo wa kukodi refa wa mashine, yule wa ligi kuu anayeona pande zote kwa wakati mmoja na hakuna wa kumtukana. Sisi wa nyama tulitukaniwa mama zetu, tukarushiwa chupa, na Jumapili iliyofuata tukarudi. Siku ya fainali ya kombe la wilaya, beki wa timu ya kiwanda cha mbao alimkwatua mshambuliaji ndani ya boksi. Nikaweka penalti. Penalti kabisa, hata mtoto angeiweka. Hapo Nikanori Mgaya, mkata mbao na shabiki asiye na breki, akarusha fataki aliyoitengeneza mwenyewe kwa baruti ya machimboni. Ikapasuka mbele ya uso wangu. Ya pili ikampasukia yeye mkononi. Mungu hana haraka, lakini siku ile alikuwa nayo.

Mimi nilitolewa jicho la kulia. La kushoto lilibaki zima, ila mshipa unaoliunganisha na ubongo ulikufa. Yeye alipoteza vidole viwili, na mishipa ya macho yake yote ikafa vilevile. Akafungwa, akamaliza kifungo chake. Na sasa amelala kitanda cha pili, anasubiri kuoteshwa nyuzi kama mimi. Uliona wapi?

*

Kabla ya upasuaji wangu, Daktari Oswin Gama alinikalisha akanieleza kazi yake. Zamani mshipa wa jicho ukikatika umekatika, basi. Siku hizi wanazichokoza chembe za ndani ya jicho mpaka zinatoa nyuzi mpya, kama kiazi kinavyochipua.

"Kuziotesha ni kazi ndogo, mtani," alisema. "Kazi ni kuzionyesha njia. Uzi mmoja una ncha yenye vidole vinavyopapasa. Tumboni mwa mama, njia nzima imetiwa harufu za aina mbili. Moja inaita, njoo huku. Nyingine inafukuza, toka hapa. Uzi unafuata ile, unakimbia hii. Katikati ya kichwa kuna njia panda, nyingine zinavuka kwenda upande wa pili, nyingine zinafukuzwa zibaki upande wake."

"Halafu?"

"Halafu zinafika ubongoni, na kule kila uzi una kiti chake. Walioketi jirani jichoni lazima waketi jirani ubongoni, la sivyo picha inavurugika. Harufu ya kufukuza ni kali mwisho mmoja wa ukumbi, na inapungua kuelekea mwisho wa pili. Uzi mwoga unakaa mapema. Uzi sugu unaendelea mpaka nao unashindwa. Ndivyo unavyojua kiti chake."

"Kumbe ni kadi nyekundu," nikasema. "Mnazitoa nje mpaka zikae zinapotakiwa."

Alicheka mpaka akashika kiti. Shida ni kwamba kwa mtu mzima harufu hizo zilishakauka miaka mingi. Kwa hiyo pale kituoni wanazichapa upya kwenye utando mwembamba unaoitwa kiolezo, wanaupenyeza kichwani, na nyuzi zinausoma kwa kupapasa. Kama kiolezo kimekaa sawa, unaona. Kama hakikukaa sawa, nyuzi hazina pa kuuliza.

Sasa, Gama ni Mngoni wa Songea na mimi ni Mhehe wa Iringa. Babu zetu walitwangana mikuki mpaka wakachoshana, wakabaki na utani. Mtani wangu anaweza kuja msibani kwangu akalala mahali pa jeneza, akadai hatoki mpaka apewe kuku, na nikacheka. Sheria ni moja tu, mtani hakasiriki. Siku ya kwanza tu nilimwambia Wangoni wote wamekaa kama viatu vya kushoto. Akaniambia Wahehe tulishindwa vita ile kwa sababu tulisimama katikati kugombana sisi kwa sisi. Wodi ikachangamka. Nilimpenda yule daktari, nisiseme uongo.

Ndiyo maana siku waliyoniwashia taa ya kwanza nilimjibu kwa furaha.

"Taa iko upande gani, mtani?"

"Kushoto!" nikasema. Nilikuwa nalia. Ilikuwa doa jekundu, zuri kama nyanya, na lilikuwa kushoto.

Kicheko kikalipuka. Taa ilikuwa kulia.

"Mmemsikia?" Gama akawaambia wenzake. "Kwake Wangoni ni wa kushoto, sasa na taa zimekuwa za kushoto! Huyu mama haachi!"

"Daktari, sitanii. Naiona kushoto."

"Mhehe akisema hatanii ndipo anapotania!"

Wakacheka tena, wakaandika kwamba naona vizuri. Nikasema mara ya tatu, wakanipigia makofi.

Jioni ile nikasikia habari za mzee mmoja wa Kilolo aliyelala kitanda changu kabla yangu. Nyuzi zake zilipotea njia zikaketi kwenye viti vya masikio, akawa anasikia taa. Kanuni ya kituo iko wazi na sote tuliisaini. Nyuzi zilizokaa visivyo zinarudishwa kwa dawa mpaka njia panda kabla hazijashika kabisa, kwa kuwa zikiachwa huenda baadaye zikaleta kifafa. Kisha zinaongozwa upya. Za mzee zilirudishwa, nyingi zikafa njiani, zilizobaki hazikutaka kukua tena. Alirudi Kilolo ameshikwa mkono na mkewe.

Miaka minne nimeshikwa mkono, mimi niliyekuwa nikiwanyooshea wanaume kidole wakatoka uwanjani. Nimeshikwa mkono kwenda chooni. Wifi yangu amenishika mkono huku akinihesabia mema yake njia nzima. Basi nikafunga mdomo. Nilishasema ukweli mara tatu, wakacheka. Walipowasha tena taa, nikaiona kushoto, nikasema kulia. "Safi sana, mtani!" Nikaendelea hivyo. Nikaona chumba chote kinyume, kama ndani ya kioo, na kila kitu nikakigeuza kichwani kabla ya kunyoosha mkono. Ukienda polepole hakuna anayejua. Wakaniita mfano wa kuigwa.

*

Jumanne ile mchana, chakula kilipoletwa, Nikanori alisema bila kuulizwa, "Kwanza ile haikuwa penalti."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Unasemaje?"

"Alijiangusha. Beki wetu hakumgusa."

"Wewe Mgaya, umenipofusha, umejipofusha, umekula ugali wa serikali miaka mitatu, na bado unabishana na filimbi?"

"Kunipofusha umenipofusha wewe. Usingeweka penalti, fataki ningeipiga tukishinda."

"Ebo! Huna haya!"

"Samahani nilishaisema mahakamani, refa. Hakimu aliiandika. Kama unataka nyingine sina."

Nilitamani kumtupia sahani. Ningekuwa na uhakika wa upande ningeitupa.

Akala kwa mkono wenye vidole vitatu, akipapasa nyama iko wapi. Baadaye akasema, kama mtu anayejisemea, "Nikiona tu, narudi kwenye msumeno. Tajiri amesema nafasi ipo. Ule wa duara, mkubwa. Unalisukuma gogo kwa mkono huu, unaongoza kwa huu. Kazi naijua, ninachokosa ni macho tu."

"Utaoteshwa lini?"

"Keshokutwa asubuhi."

Niligeuka ukutani. Kumbe ulikuwa upande wa dirisha, jua likanipiga usoni.

*

Jumatano alikuja Hobokela, fundi wa violezo, binti wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kwaya. Alikuja kumpima Nikanori kichwa.

"Utalala kifudifudi, kaka," akamwambia. "Uso chini kwenye kile kitanda chenye tundu."

"Niliambiwa chali," akasema Nikanori.

"Zamani ilikuwa chali. Mama Kihwele hapa ndiye aliyetubadilishia. Siku yake shingo ilikataa kabisa, akilala chali anapiga kelele, ikabidi tumgeuze palepale mezani. Na matokeo yake si unayasikia? Daktari ameamua wote sasa kifudifudi. Fuvu linafikika vizuri zaidi."

Nilikaa wima.

"Hobokela, mwanangu. Kile kiolezo kina kulia na kushoto?"

"Kina alama, mama. Nyekundu inakaa upande wa ukutani, bluu upande wa mlango. Hatuwezi kukosea."

"Na siku yangu?"

"Nyekundu ukutani, bluu mlangoni. Kama kawaida."

Kama kawaida! Mlaze mtu chali, mkono wake wa kulia uko ukutani. Mgeuze kifudifudi, kichwa palepale, mkono wa kulia umehamia mlangoni. Mimi waliniviringisha kama chapati, na alama zao zikabaki zinatazama ukuta na mlango. Nyuzi zangu zikapapasa, zikasoma, zikatii. Zilizotakiwa kuvuka zilifukuzwa, zilizotakiwa kubaki zilivuka, kila moja ikaenda kuketi kwenye kiti cha mwenzake. Nyuzi hazikukosea hata kidogo. Zilifuata zilichoandikiwa na watu wenye digrii.

Na kesho yake asubuhi wangemwandikia Nikanori vilevile.

Niliomba nipelekwe barazani nikapate hewa, kwa sababu humo ndani nilikuwa nachemka. Kule nje magari ya mbao yasiyo na dereva yalikuwa yakipita foleni, yanatoka msituni, na mimi nikiyaona yanakwenda yanakotoka. Nikajiambia, mwache. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Yeye alirusha fataki bila kuuliza nani ana watoto. Acha aone dunia kwenye kioo. Nani atanilaumu? Nilishasema mara tatu.

Lakini mimi hugeuza kwa sababu sina haraka. Nakaa, nafikiri, nanyoosha mkono. Msumeno wa duara hausubiri ufikiri. Atayaona meno yake kulia, atausogeza mkono kushoto kujiokoa, na kushoto ndiko meno yaliko. Atabakiwa na nini? Na siku ile, hata kama sitakuwepo, atakuwa amekatwa na mimi.

Nikijisemea hivyo, sauti nyingine ikaniambia, Benadeta, ukisema na ukaaminiwa, wanakutia ile dawa. Nyuzi zako zinarudi njia panda, na huenda zikafia hapo. Wifi yako yuko nyumbani, mkono wake upo tayari. Utamlipia Mgaya kwa jicho la pili? Aliyechukua la kwanza?

Nililia kwa hasira pale barazani. Si huruma, tusidanganyane. Huruma kwa yule sikuwa nayo hata ya kuazima. Ila nimewahi kutukanwa na timu nzima kipindi cha kwanza, na cha pili nikawapa penalti yao walipostahili. Niliwachukia huku naonyesha kwa kidole pale kwenye alama. Sijui kuwa refa kwa namna nyingine.

*

Alhamisi asubuhi nilikwenda mwenyewe hadi mlango wa chumba cha upasuaji, taratibu, nikigeuza kila kona. Nikanori alikuwa ameshalazwa kifudifudi kwenye kitoroli, anasubiri koridoni, amefunikwa shuka la kijani. Gama akatoka na kanzu yake ya upasuaji.

"Ah, mtani! Umekuja kuaga ndugu yako?"

"Daktari, simamisha. Kiolezo mmekiweka kinyume. Changu pia. Ninaona kila kitu upande usio wake, tangu siku ya kwanza."

"Wahehe bwana! Hata saa ya kisu?"

"Uliza alama zenu. Nyekundu ukutani. Ulinilaza kifudifudi, ukasahau kugeuza alama."

"Na majaribio yako yote uliyapataje? Hukukosa hata moja."

"Niligeuza majibu. Nikiona kushoto, nasema kulia."

Akacheka, mpaka na muuguzi wa mlangoni akacheka. "Umesikia hii? Amepata mia kwa mia kwa sababu anaona kinyume! Mtani, hii ni kali, hii nitaipeleka Songea kwenye harusi ya mdogo wangu."

"Oswin Gama, nakuambia kweli."

"Na mimi nakuambia kweli, kuku wako nitakuja kumchukua Iringa. Pisha njia, mama."

Kutoka chini ya shuka, Nikanori akasema, "Mpisheni daktari. Huyo mama ananionea wivu tu. Nilijua."

Hapo ndipo.

Sisi Wahehe tunasemwa kwa hasira zetu, na mara nyingi tunasingiziwa. Siku ile sikusingiziwa. Nilimwona Gama kushoto kwangu, anacheka, kinywa wazi, na mkono wangu ukaondoka wenyewe kwenda kumzaba kofi la kukumbukwa. Haukugeuza. Hasira haina muda wa kugeuza. Ulikwenda palepale jicho lilipomwona, kushoto, kwa nguvu zangu zote, na kule kushoto hakukuwa na Gama. Kulikuwa na meza ya vyuma vya upasuaji.

Yalaa! Koleo, visu, bakuli, vyote chini. Mkono wangu ukachanika hadi kiganja. Na mimi nikabaki nimesimama, natazama uso wa Gama kushoto, ananishangaa kutokea kulia.

Mtani hakasiriki. Mimi nilikuwa nimekasirika mbele ya watu, na hilo alilielewa kuliko maneno yote niliyomwambia. Hakucheka tena. Alisogea taratibu, akasimama mkono wake wa kuume ukiwa juu.

"Uko wapi mkono wangu?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine. "Usifikiri. Nionyeshe, haraka."

Nilionyesha. Nikanyoosha kidole chenye damu upande mwingine kabisa.

"Tena."

Nikaonyesha tena.

"Mungu wangu," akasema. Kisha akageuka, "Hobokela! Usichanganye dawa! Mtoeni huyu kaka, mrudisheni wodini! Hakuna kinachofanyika leo!" Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Kihwele, nisamehe." Hakuniita mtani. Nilitamani aniite.

*

Alinishona mkono mwenyewe. Akanieleza ninachokijua, kwamba nyuzi zangu bado hazijashika kabisa, zimebaki siku chache, na kanuni ni kanuni. Zitarudishwa. Hakuniahidi kitu. Hiyo nilimheshimu.

"Ungekaa kimya ungeona," alisema. "Ubongo ungezoea. Na kifafa si wote wanakipata."

"Siyo ningezoea. Nilishazoea. Shona."

Wodini, Nikanori alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, shuka bado limemzunguka. Hobokela alikuwa amemwambia yote, kwa ile sauti ya kwaya. Nilijitupa kitandani kwangu, chali, shingo ikalalamika nikaiacha ilalamike. Kwenye dari kulikuwa na taa na nyufa, na nilizitazama sana zile nyufa.

"Refa," akasema.

Nikaendelea kuzihesabu nyufa.

"Wanasema utatiwa ile dawa kesho."

"Ndiyo."

"Na huenda usione tena."

"Wewe unataka nini, Mgaya?"

Nikamsikia akisugua vile vidole vyake vitatu kwenye goti. "Nataka kujua kwa nini. Mimi nisingefanya. Ningekuacha wewe uingizwe, tena ningecheka. Sasa wewe kwa nini?"

Nikageuka upande wake. Yaani niligeuka upande ambao sikumwona, kwa sababu ndiko alikokuwa.

"Video ya mechi ile ipo," nikasema. "Chama cha mpira wameihifadhi. Ukiota macho yako vizuri, kulia kukawa kulia na kushoto kushoto, nenda kaangalie dakika ile. Angalia mguu wa beki wenu. Angalia mara mia, mbele ya wenzako wa kiwandani."

"Halafu?"

"Halafu uje nyumbani kwangu Mafinga, nyuma ya soko la mbao. Mimi nitakuwa nimekaa uani, wifi yangu atakuambia nilipo. Uje uniambie kwa mdomo wako uliona nini."

Nilidhani atasema lile neno lake, haikuwa penalti. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Lakini aliinamisha kichwa. Mwishowe akanyoosha mkono hewani kati ya vitanda vyetu, akipapasa. Ulikuwa unakuja kushoto kwangu. Safari hii niligeuza kwanza, kisha nikaushika.

"Nitakuja," akasema.

"Uje na ukweli. Samahani kaa nayo."